Mstari Uliopinda kwenye Jicho la Kulia

Baba,

Nakuandikia nikiwa Upper Hill, kwenye kliniki ya macho, katika kiti kilicho karibu kabisa na lifti. Nimekichagua kwa makusudi. Viti vya mbele, karibu na meza ya sista, vimekaliwa na watu waliokubali yatakayowapata. Hapa nilipo, mlango wa lifti ukifunguka naweza kuinuka polepole, na hakuna atakayejua kama nimeenda kununua maji au nimeenda moja kwa moja.

Nimeshawekewa matone ya kupanua mboni. Wenzangu wote wamepofuka kwa muda. Kuna bwana mmoja mbele yangu amenyoosha mkono na simu mpaka mwisho, kama anaipiga picha ya pasipoti, na bado haoni ni nani anampigia. Mimi nimevua miwani, nimeileta karatasi mpaka puani, naandika kama kawaida. Ndiyo faida yetu sisi wenye macho marefu. Mbali hatuoni kitu, lakini kilicho chini ya pua hakitupiti, hata tukiwekewa matone. Wewe ulisema Mungu alikunyima barabara akakupa saa. Mafundi wengine wa saa pale River Road walibana vioo vya kukuzia machoni ndipo waone gurudumu la saa ya mwanamke. Wewe ulipandisha miwani kwenye paji la uso, ukainusa ile saa, na kazi ikaanza. Watu walisimama pale kwenye ngazi kukutazama ukinusa.

Sasa pale chini ya ngazi, ilipokuwa meza yako, kuna kijana anauza vifuniko vya simu. Hajui saa inafunguliwa upande gani. Nilipita wiki jana, sikusimama.

Naomba nikueleze kwa nini niko hapa, kwa sababu uliondoka kabla haya hayajaanza. Nitajaribu kwenda kwa mpangilio, ingawa leo situlii, na kila sista akifungua mlango wa daktari moyo wangu unasimama kwanza ndipo mimi ninakaa vizuri.

Siku tuliyokuzika kule nyumbani Machakos, nilivua miwani yangu ili nilie bila kizuizi. Nikaiweka kwenye kiti cha plastiki nyuma yangu. Shangazi Ndunge akaikalia. Unamjua dada yako. Miwani haikupata hata nafasi ya kujitetea.

Nikabaki pale kwenye kaburi lako naona rangi tu. Rangi ya maua, rangi ya udongo, na weupe wa pasta. Mutua, kifungua mimba wako, akanishika mkono akaninong'oneza, "Vaa ya mzee. Si ndivyo tumekuwa tukifanya?"

Na kweli ndivyo tulivyofanya maisha yote. Nyumba nyingine zinarithishana sweta za shule, kwetu ilirithishwa miwani. Wewe ukiongezwa nambari, ya zamani inaenda kwa Mutua. Mutua akiongezwa, yake inakuja kwangu na ile gundi yake kwenye sikio. Mpaka nafika darasa la nane sikuwahi kuona ubao kwa miwani iliyopimwa kwa macho yangu, na bado nilipita. Kwa hiyo nilivaa yako. Ilikuwa imeshika joto la mfuko wa Mutua, na nikajiambia ni joto lako. Nambari zilikuwa karibu sawa. Nilirudi Waithaka nayo usoni, na watu wa mtaa wakawa wananiangalia mara mbili.

Wiki chache baadaye, vyuma vya dirisha la jirani vikaanza kuota kitambi. Unakumbuka vile vyuma vyeupe, vilivyosimama wima kama wanafunzi kwenye gwaride? Kile cha katikati kikajibinua. Mlango wa choo nao ukavimba ubavu mmoja. Nikasema, hii ni miwani ya mzee. Nikasema, hata akiwa amelala bado anataka nione mambo kwa njia yake. Na nitakuambia ukweli, Baba, nilikuwa nafurahia. Kila mstari uliopinda nilikuwa nakusalimia. Nilikataa kwenda kutengeneza miwani mpya kwa sababu hiyo. Nani anataka kunyoosha kitu cha mwisho alichoachiwa?

Basi nikashona hivyo hivyo. Bado niko pale Kileleshwa, kibanda kile cha nje ya geti la maghorofa, napunguza suruali na kubadilisha zipu. Kuna mama wa ghorofa ya nne, yule mwenye sauti inayofika kabla yake. Aliniletea suruali ya kazi ya mumewe nipunguze kiuno na kupandisha pindo. Nikaushona ule mshono wa pembeni ukiwa mzuri, nikauangalia, nikaona umepinda. Nikaufumua. Nikashona tena, nikiufuata ule upinde wa jicho langu, mpaka nikauona umenyooka kama rula. Nikapiga pasi. Nikajisifu.

Kesho yake alisimama pale kibandani ameishika ile suruali juu kama ushahidi.

"Fundi, niaje? Hebu niambie, ulikuwa unashona ukiangalia nani? Mguu mmoja unaenda Westlands, mwingine unaenda Kawangware. Bwanangu akivaa hii si atafika ofisini akiwa nusu?"

Walinzi wa geti walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi pia nilicheka. Nilivua miwani yako nikaiweka mezani, nikavuta futi ya kupimia karibu na pua, kama ninavyofanya nikitaka kuona kitu vizuri. Na ile futi, Baba, ilikuwa na bonde katikati. Nambari zilikuwa zinaanguka ndani yake.

Niliiangalia miwani yako. Ilikuwa mezani, imekunja mikono. Sasa ni nani aliyeipinda futi?

Nikafunika jicho la kushoto, bonde likabaki. Nikafunika la kulia, futi ikanyooka. Yule mama aliishusha ile suruali. Akaniuliza kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, "Fundi, uko sawa?" Nikamwambia niko sawa, nitamshonea upya bure. Akasema, "Wacha suruali. Nakuuliza wewe."

Unajua nilifanya nini? Kile ambacho ungefanya wewe. Nilienda mjini kwenye duka la miwani kuomba kioo kikali zaidi. Sisi jicho likisumbua tunaongeza nambari, kama mtu anayeongeza chumvi kwenye chakula kilichoungua. Msichana wa pale alinipima, akanipima tena, akaizima ile taa yake. "Auntie, siwezi kukuuzia kitu leo. Hakuna kioo kitakachosaidia hili jicho. Nenda upigwe picha ya ndani, na usingoje wiki ijayo." Nimeishi Nairobi miaka yangu yote na sijawahi kuona mwenye duka akikataa kuuza. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nikaja hapa. Unaweka kidevu kwenye kishikio, paji la uso linagusa utepe, unaambiwa uangalie msalaba wa kijani na usipepese. Haiumi. Mwanga mwekundu unapita kama mtu anayesoma mita ya stima. Kisha daktari akanigeuzia kioo cha kompyuta. Daktari wetu ni msichana, nasema msichana kwa heshima, lakini viatu vyangu vya kanisa vimemzidi umri. Akanionyesha jicho langu likiwa limekatwa upande: tabaka juu ya tabaka za kijivu, kama chapati iliyokunjwa vizuri na mtu mwenye subira. Halafu pale katikati tabaka zimeinuka, kama zulia ambalo mtu amefagilia uchafu chini yake.

Alinieleza kwamba jicho langu ni refu kupita kiasi, na retina, ile ngozi ya ndani inayoshika picha, imevutwa ili ifunike urefu huo wote. Hapo nilimwelewa kabla hajamaliza. Ni kitambaa cha mtoto kilicholazimishwa kumvisha mtu mzima. Kimekonda. Na bitana ya nyuma yake imepasuka, mahali pale pale pa kusomea na kutambulia sura za watu. Mishipa midogo ya damu imepenya kwenye ule ufa, na inavuja.

Nikamuuliza, "Ni nani alishona hii?" Akacheka. Hakujua namuulizia wewe.

Akauliza kama kuna mtu mwingine kwetu mwenye miwani mizito. Basi nikamweleza habari za jicho lako la kushoto. Jinsi ulivyozunguka maduka yote ya mtaa ule ukiongeza kioo juu ya kioo. Jinsi ulivyoanza kuangalia watu kwa pembeni, ukimsalimia mtu huku unaangalia sikio lake, mpaka watu wakawa wanageuka nyuma kuona unamsalimia nani. Kanisani walisema umemdharau pasta. Ulikuwa unamtafuta tu, maana katikati ya jicho lako hapakuwa na pasta, palikuwa na doa.

Nikamweleza pia kwamba ulipofika hospitali kubwa walikupiga picha kama hii, wakakueleza kuhusu sindano. Mimi nilikuwa nakungoja nje. Ulitoka umevaa kofia yako, umenyooka, ukaniambia, "Mwaitu, nitaenda nyumbani nifikirie." Mwaitu, mama yangu. Uliniita hivyo tangu nilipozaliwa kwa sababu nina jina la mama yako, na ukishaniita hivyo sikuweza kubishana nawe.

Ukaenda nyumbani. Ukafikiria. Ulifikiria mpaka lile doa likawa kovu, na daktari huyu aliniambia taratibu, bila kukulaumu, kwamba kovu likishakaa sindano haina la kufanya. Ukaendelea na saa kwa jicho la kulia, ambalo hata kwa miwani halikufika mbali ya pua. Shinikizo la damu ndilo lililokuchukua, si jicho, najua. Lakini miaka yako ya mwisho hukuiona sura yangu mpaka ugeuke kama unayetaka kuondoka. Nimekukasirikia, Baba. Nakukasirikia hivi ninavyoandika. Na uone, hii ni mara ya kwanza nimemaliza sentensi ya namna hiyo mbele yako.

Nilikubali sindano siku ile ile. Usinipe sifa. Kilichonizuia kukimbia ni matone. Sikuuona mlango.

Wanakusafisha kwa dawa ya kahawia, wanakufunika uso kwa kitambaa chenye tundu, na kuna kijichuma kinachozuia kope zisifunge. Sista mmoja mwenye sauti ya kwaya alinishika bega. "Angalia juu, mama. Juu kabisa. Kama unamngoja Yesu." Nikaangalia juu. Sikumwona Yesu, niliona taa. Nikahisi kusukumwa kidogo, kama mtu amenigusa kwa kidole juu ya nguo. "Umemaliza," akasema. "Nimemaliza nini?" Nilikuwa bado najiandaa. Jioni jicho liliwaka kama limeingia pilipili, na kiputo cheusi kilicheza chini yake mpaka kesho yake. Lakini sindano yenyewe, Baba, ile iliyokufukuza, nimewahi kuumizwa zaidi na pini ya kushonea.

Niliporudi kupigwa picha nyingine, lile zulia lilikuwa limelala. Nilisoma herufi za mstari wa chini zaidi kuliko mara ya kwanza kwenye ubao wa kupimia macho, nikataka kumkumbatia daktari. Yeye akanishusha polepole. Alisema kazi ya dawa ni kuzuia uvujaji. Kuona kukirudi, hiyo ni zawadi, nisiipangie matumizi. Alisema wanaokuja mapema huokoa zaidi, lakini hata wao wengine huvuja tena, na kitambaa chenyewe kinaendelea kukonda na miaka, na kwa hilo hana dawa. Napenda jinsi anavyosema asichokuwa nacho. Madaktari wengi wanakuficha hapo.

Miwani yako nimeirudisha kwenye kasha lake. Nimetengenezewa yangu, iliyopimwa kwangu mimi, na haitaenda kwa mtu mwingine. Mutua nilimkalisha mezani kwangu nikamfunika jicho moja kwa kijiko. "Wewe dada, mimi si mgonjwa, mimi ni mvivu tu wa kusoma," akawa analalamika. Mistari yake yote imenyooka. Hata hivyo nimemwandikisha kwa picha mwezi ujao, na nimemwambia mke wake, ili asipate pa kupitia.

Yule mama wa ghorofa ya nne naye ameniletea suruali nyingine. Ya kwanza kabisa baada ya ile. Sikuamini. Aliitupa mezani akasema, "Hii ni ya kuvaa nyumbani. Ukiikosea hakuna atakayeiona ila mimi." Niliishona kwa jicho la kushoto, nikaikagua kwa vidole. Ilitoka vizuri.

Nakueleza mambo mazuri ili nichelewe kufika kwenye lile lililonileta karibu na lifti.

Juzi asubuhi kile chuma cha dirisha kimejibinua tena. Kidogo tu. Unaweza kusema ni kivuli. Nilisema ni kivuli. Jana nikasema ni uchovu. Nikasema nimelala vibaya, nikasema nimekunywa chai nyingi, nikasema ngoja wiki iishe. Halafu nikajisikia nikisema hayo, na sauti ilikuwa yako, hata ule mguno wa mwisho. Sikumwambia mtu. Nikaja.

Ngoja. Wameniita kwenye mashine.

Nimerudi. Nimekaa kiti kile kile.

Msalaba wa kijani, safari hii, ulikuwa na mkono mmoja uliolegea. Sikumwambia mama anayepiga picha. Nilimtazama yeye. Picha ikiwa nzuri huwa anasema "poa kabisa" na kuniuliza habari za kibandani. Leo amesema, "Sawa, mama. Subiri daktari." Baba, mimi nawashonea watu nguo. Nawajua wanaosema "imependeza" na wanaosema "iko sawa". Wa pili hawarudi.

Nimevaa miwani, nikasimama, nikabonyeza kitufe cha lifti. Nakuambia wewe kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Imekuja, imefunguka, kulikuwa na watu wawili ndani na nafasi ya kutosha. Mmoja ameshikilia mlango kwa mkono. "Unashuka, mathe?" Nimemwangalia. Nimefunika jicho la kushoto, nikamwangalia kwa la kulia peke yake. Alikuwa na masikio, alikuwa na kola ya shati. Pua yake na mdomo vilikuwa vimesokotwa, kama nguo iliyotolewa kwenye maji ikakamuliwa. Alikuwa ananitabasamia, nadhani. Sikuweza kuwa na hakika.

Nimemwambia, "Shukeni tu."

Kisha daktari akafungua mlango mwenyewe akaniita.

Imevuja tena. Si nyingi. Amenionyesha: zulia limeinuka ukingoni, mahali ambapo mwezi uliopita palikuwa pamelala. Kwa watu kama mimi, amesema, mara nyingi sindano si nyingi, lakini kila jicho lina tabia yake, na hili langu lina kichwa kigumu. Nikataka kumwambia limetoka wapi. Jicho la kushoto bado ni zima, ingawa nalo limekonda. Anaweza kunidunga leo. Au naweza kwenda nyumbani kwanza, haki yangu.

Nikamuuliza, "Ukinidunga, mstari utanyooka?"

"Sijui," akasema. "Nisipokudunga, najua."

Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kuombea wiki moja. Yalikuwa mazuri, yana heshima, ungeyapenda. Badala yake nikamwambia anidunge leo, na sauti yangu ikatoka kali kama namgombeza mtu. Hakushtuka. Pengine amezoea kusikia watu wakigombana na wasiokuwepo chumbani.

Kwa hiyo sasa niko viti vya mbele, karibu na meza. Sista wa kwaya ameniwekea matone ya ganzi na kusema nisilisugue jicho. Sina muda mrefu. Naogopa, Baba. Naogopa kuliko mara ya kwanza, kwa sababu safari hii nina miwani yangu, na mlango nauona.

Nataka kuacha kukukasirikia, lakini sitajilazimisha leo. Nimeelewa kitu kimoja tu: ulipotoka pale hospitali umevaa kofia na kunyooka vile, ulikuwa unatetemeka kama mimi. Nilikuangalia mabega. Ningekuangalia mikono. Haidhuru. Sasa naijua mikono ile.

Lala, Baba. Lala vizuri huko nyumbani, na umsalimie mama yako, ambaye nina jina lake. Siwezi kukuahidi kwamba nitaona, hilo si langu wala si la daktari. Nakuahidi kwamba nitakuja. Kila asubuhi nitafunika jicho moja, kisha lingine, na mstari ukipinda sitasingizia kivuli. Wakinipa tarehe nitakuja nayo. Wakiniambia leo, itakuwa leo.

Wameniita. Nimesimama.

Mwanao,
Mueni